Vitenzi virefu vya Kipolandi vinakatwaje? Naombeni msaada

Paleti_Wrocław

Wakuu habari za muda huu, poleni na majukumu. Naombeni msaada kwa anayejua Kipolandi, au hata asiyejua ila anaelewa mambo ya silabi na mofimu (vile vipande vya neno vyenye maana), maana hapa nilipo nimekwama.

Niko Wrocław huku Poland mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ghala, na mwezi ujao nakaa mtihani wa B1 ule wa cheti. Maneno ya kila siku nayamudu, namba, bei, salamu, vifaa vya ghala, nikienda dukani siongei Kiingereza tena. Kinachonitesa ni vitenzi vikishaanza kurefuka. Juzi shifti ya usiku lori limeingia na hakuna pa kushushia mzigo, supavaiza akasimama akaziangalia paleti zilivyojazana akasema *Poprzestawialibyśmy te palety, gdyby było miejsce.* Nikadaka palety, nikadaka miejsce, nikajua anaongelea nafasi, ile ya kwanza nikabaki nimetoa macho. Nikamwomba aniandikie, akachukua maka peni akaiandika ubavuni mwa boksi kwa herufi kubwa, nikapiga picha. Nimeihesabu, herufi 19, neno moja.

Asubuhi nimerudi nikakaa na daftari nikaikata hivi: po-pi-she-si-ta-vi-a-li-bi-shi-mi. Silabi 11. Mpolandi ninayekaa naye nyumba moja akasema hapana, ni 7, akazipiga kwa kidole juu ya meza na kweli alipiga mara 7, ila nikimuuliza kwa nini 7 anasema ndivyo inavyosikika tu. Halafu kuna kingine, darasani tuliambiwa mkazo wa Kipolandi unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili chetu, siku ile nilifurahi sana maana niliona angalau hapo niko nyumbani, sasa huyu jamaa mkazo anauweka kwenye WIA, yaani ya nne kutoka mwisho! Nimemrudisha mara tatu, ni palepale.

Kwa hiyo silabi zinakatwaje, ndani ya neno kuna vipande gani, na mkazo umehama kwa sababu gani? Nataka kuelewa siyo kukariri, nikikariri hili kesho linakuja jingine refu zaidi.

WaŁódź

Pole sana ndugu, hiyo njia nimeipita. Mimi niko Łódź, nilianza na mwaka wa lugha kabla ya chuo, na mwalimu wetu alitusahihisha kitu hicho hicho wiki nzima kwa sisi wote tuliotoka Afrika Mashariki. Nianze na silabi, hayo mengine waje wengine.

Kanuni ni moja tu: hesabu irabu. Kipolandi kina herufi 9 za irabu, a ą e ę i o ó u y, na kila irabu inayotamkwa ni silabi moja, konsonanti hazihesabiwi hata zikiwa kumi. Shida yetu ni kwamba sikio letu limezoea konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo ukikutana na prze unaweka i kidogo katikati bila kujijua, inakuwa pi-she. Hiyo i haipo. Rz ikifuata p inasikika kama sh, kwa hiyo ni "pshe", pigo moja. Sta vilevile ni pigo moja, si-ta ni mbili. Ukitoa hizo irabu ulizoongeza mwenyewe utaona 11 zinashuka zenyewe.

Na usiseme mdomo wetu hauwezi, mbona skrubu tunasema skru-bu, springi, stempu, spika, hakuna anayesema sikurubu siku hizi labda bibi yangu. Chukua ile skr ya skrubu, mdomo ukishaukubali huo ugumu prze siyo mbali.

Ya pili ni hii i ya kwenye wia. Wewe umeihesabu vi-a, mbili. Kwa Kipolandi i ikikaa kabla ya irabu nyingine kwa kawaida siyo silabi, kazi yake ni kulainisha konsonanti inayoitangulia. Wia inasomeka vya. Vya ile ile ya vyakula na vyangu! Kumbuka sisi wenyewe vi- ikikutana na -angu haiwi viangu, inakuwa vyangu, silabi imemezwa. Wenzetu mdomo umefanya hivyo hivyo ila kwenye kuandika wamebakiza i. Kwa hiyo mia soma mya, bia soma bya, nie soma nye, zote pigo moja moja. Mimi nilipoelewa hiyo vya nilirudi kusoma kitabu upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Byś-my pia, ś haifuatwi na irabu, umeiwekea i yako ikawa shi. Toa. Kwa hiyo ni po-prze-sta-wia-li-byś-my, saba, mwenzako yuko sahihi.

Na angalia sana m. Kwetu m inaweza kujisimamia, m-tu ni silabi mbili, m-bwa mbili. Kipolandi konsonanti haijisimamii kamwe. Kuna kitenzi mżyć, ni ile mvua ya manyunyu, silabi MOJA. Mdleć, kuzimia, moja. Mnożyć, kuzidisha hesabu, ni mno-żyć, mbili, siyo m-no-żyć. Wstrząsnąć, kutikisa, herufi 10 na silabi 2 tu: wstrzą-snąć. Chukua "anakupenda" uihesabu, nayo herufi 10, silabi 5. Hapo ndipo ilipo tofauti ya lugha hizi mbili. Maneno yao siyo marefu kihivyo, ila yamebanwa.

MwalimuTanga

Nimesoma kwa furaha sana. Mimi sijui Kipolandi, nafundisha Kiswahili sekondari huku Tanga mwaka wa kumi na tisa, lakini swali la ndugu yetu wa Wrocław ndilo swali ninalopambana nalo kila mwaka kidato cha tatu, kwa hiyo niruhusuni.

Wanafunzi wangu nikiwapa *wamepikiwa* nikawaambia kata, nusu ya darasa wanaandika wa-me-pi-ki-wa na nusu wanaandika wa-me-pik-i-w-a, halafu wanabishana. Wote wako sahihi, ila wamejibu maswali mawili tofauti! Wa kwanza wamekata silabi, jinsi mdomo unavyofunguka na kufunga. Wa pili wamekata mofimu, kila kipande na maana yake, -pik- ni mzizi, -i- ni kufanyia, -w- ni kufanywa, -a ni kiishio. Angalia k ilipo. Kwenye silabi k imeungana na i inayoifuata, kwenye mofimu k ni mali ya mzizi. Mdomo haujali mipaka ya maana.

Sasa ndugu yangu, naona umekata silabi ukitegemea zikuoneshe maana, ndiyo maana unachoka. Kata mara mbili, mistari miwili tofauti ya daftari. Mstari wa juu silabi, amekusaidia ndugu wa Łódź hapo. Mstari wa chini mofimu, huo nahitaji anayejua lugha atusaidie. Mwenye kujua, mzizi wa hilo neno ni upi? Na kipande cha "sisi" kiko wapi, maana mbele sikioni.

MamaZosia

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Lublin mwaka wa kumi na moja, nimeolewa huku, na binti yangu yuko darasa la pili kwa hiyo haya mambo ya kugawa silabi nayafanya jikoni kwangu kila jioni. Wanapiga makofi. Kila silabi kofi moja, halafu wanachora upinde mdogo chini ya kila silabi kwa penseli. Ndugu wa Wrocław usione aibu kupiga makofi, mtu mzima kabisa mimi nimejifunzia hapo hapo pembeni ya binti yangu.

Haya mwalimu, mstari wa chini huu hapa:

po – prze – staw – ia – l – i – by – śmy

Mzizi ni staw, kusimamisha kitu, kuweka. Prze- ni kiambishi cha kuvusha kutoka hapa kwenda pale, kwa hiyo przestawić ni kuhamisha kitu mahali. Ukiweka -ia- inakuwa przestawiać, kuhamisha kama jambo linaloendelea au linalojirudia. Halafu inakuja po- huko mbele kabisa, na hii po- mimi naipenda, maana inasema umehamisha kimoja, kingine, kingine mpaka vimeisha vyote. Poprzestawiać. Kwa Kiswahili ningesema "kuhamisha moja moja mpaka zote", maneno manne matano, wao ni po- tu. Usiku kwangu nikikuta midoli imetupwa sebule nzima, naambiwa *porozrzucała zabawki*, po-roz-rzu-ca-ła, ametupatupa huku na huku, moja baada ya nyingine. Hiyo "tupatupa" yetu ndiyo inaikaribia.

L ni wakati uliopita. I inasema ni wengi na kuna angalau mwanaume mmoja ndani. Wangekuwa wanawake watupu ingekuwa poprzestawiałybyśmy, l inageuka ł na i inageuka y. By ni -nge-. Śmy ni tu-.

Kwa hiyo supavaiza wako alikwambia "tungezihamisha hizi paleti zote, kama kungekuwa na nafasi".

MwalimuTanga

Marahaba mwanangu. Aisee umenipa kitu. Nimesimama kabisa kwenye kiti.

Tungezihamisha: tu-nge-zi-ham-ish-a. Kwetu mtendaji anatangulia, halafu wakati au sharti, halafu mtendewa, ndipo mzizi unakuja, na mkiani unabaki unyambulishaji. Kwao mzizi uko karibu na mbele, sharti na mtendaji wanafungia mlango. Ni kama gari moshi lile lile, mabehewa yale yale, limeunganishwa kutokea upande wa pili. Hata kukata kwake: silabi ni tu-nge-zi-ha-mi-sha, mofimu tu-nge-zi-ham-ish-a, idadi sawasawa sita na sita lakini kisu hakikupita mahali pamoja. Na kwenye lenu naona silabi 7 mofimu 8, maana ile l haina irabu yake ikabidi ibebwe na i. Na staw yao ni kama pik yetu, w imehama na kuungana na ia inayofuata, sta-wia. Jumatatu naliandika ubaoni.

Swali langu moja kwa MamaZosia: ndugu wa Łódź ameandika byś-my, wewe kwenye mofimu umeandika by-śmy. Ipi sahihi kwa silabi?

MamaZosia

Mwalimu umeona mbali. Shuleni kwa binti yangu wanaandika byś-my kwenye kupiga makofi, lakini kanuni yao ya kukata neno mwisho wa mstari inaruhusu mahali zaidi ya pamoja konsonanti zikiwa mbili au zaidi katikati ya irabu. Bratni unaweza kukata bra-tni au brat-ni, hakuna anayekukosoa. Cha lazima ni mambo machache. Herufi mbili zinazotoa sauti moja hazitenganishwi, sz, cz, rz, ch, dz na wenzake. Konsonanti mbili zilizofanana zinagawanywa, pan-na, lek-ki. Na kiambishi cha mbele kinachoonekana wazi kinaachwa kizima, roz-bić.

Kwa hiyo byś-my na by-śmy zote zinapita, idadi haibadiliki. Ndugu wa Wrocław usipoteze usingizi hapo, kwenye mtihani hakuna atakayekuuliza mpaka umepita kabla ya ś au baada yake, watakusikiliza kama umetia irabu isiyokuwepo.

Ila kwenye viambishi vya mbele kuna mitego ya kweli. Podpisać, kusaini, ni pod + pisać. Podać, kumpa mtu kitu mkononi, ni po + dać. Zote zinaanza na pod machoni, ila ya pili d ni ya mzizi. Na zauważyć, kugundua, ni za + uważyć, kwa hiyo a na u zinabaki mbali mbali, za-u-wa-żyć, makofi manne, wakati auto ni au-to, makofi mawili. Ukikijua kitenzi kidogo kilichofichwa ndani hukosei. Chukua pisać kama mlango wako wa kuingilia: napisać kuandika ukamaliza, przepisać kunakili, przepisywać kunakili kwa kuendelea au mara nyingi, poprzepisywać kunakili moja moja mpaka zote, po-prze-pi-sy-wać. Mzizi ni ule ule pis na unauona kila mahali, na hiyo -ywa- ndiyo ya kurefusha tendo, ila ikifika wakati uliopo inageuka -uj-, przepisuję.

Ukitaka kuupima mdomo wako kuna sentensi ya kukunja ulimi kila Mpolandi anaijua, *stół z powyłamywanymi nogami*, meza iliyovunjwavunjwa miguu. Po-wy-ła-my-wa-ny-mi, makofi saba. Binti yangu anaisema haraka kuliko mimi na anajua hilo. Ndani yake kuna łam, kuvunja, na kwenye silabi imekatwa vipande viwili, ła-my. Ndiyo ile ya mwalimu.

WaŁódź

Sasa mkazo, maana hakuna aliyeugusa na ndiyo sehemu niliyoipenda mimi kuliko zote.

Uliloambiwa darasani ni kweli, silabi ya pili kutoka mwisho. RO-bię, zro-BI-łem, po-prze-STA-wiać. Lakini mikia miwili haihesabiwi kwenye matamshi ya makini: -śmy na -ście za wakati uliopita, na by pamoja na mkia wake wote. Mkazo unakaa pale ulipokuwa kabla hujabandika mkia. Po-prze-sta-WIA-li, hapo ni ya pili kutoka mwisho, safi. Bandika by, bandika śmy, mkazo hautikisiki, po-prze-sta-WIA-li-byś-my. Ndiyo maana kwako inaonekana ya nne. Zro-BI-liś-my vilevile, zro-BI-li-byś-my vilevile. ZRO-bił-bym, kwa sababu ilikuwa ZRO-bił.

Kwa nini haihesabiwi? Kwa sababu zamani haikuwa mkia, lilikuwa neno linalojitegemea. Kipolandi cha kale walisema kitu kama "robili jesmy", yaani kitenzi halafu "tuko", jesmy ni ya być, kuwa. Baadaye jesmy ikaliwa ikabaki śmy ikashikamana. Na mpaka leo haijashikamana vizuri! Utasikia *myśmy to już zrobili*, śmy imeruka kutoka kwenye kitenzi ikaenda kukaa kwenye my, sisi. Utasikia *gdzieście byli?*, mlikuwa wapi, ście imehamia kwenye gdzie. Kitu kinachoweza kuruka hivyo bado kina damu ya neno.

Na hapo ndipo dawa yako ilipo mkuu. By nayo inaruka. Kazini watu wengi hawatamki lile treni zima, wanasema *to byśmy poprzestawiali*. Byśmy inatangulia, kitenzi kinabaki kifupi chenye mkazo wa kawaida. Ukitaka kusema "kama tunge-" au "ili tu-", kuruka ni lazima kabisa, by inakaa kwenye gdy au że, gdybyśmy mieli, żebyśmy poszli. Kwa hiyo ukikwama kwenye mtihani wa kuongea, itoe by mbele uendelee na safari.

Niongeze tu kwamba Wapolandi wengi wakiongea kawaida wanasema zro-bi-LIŚ-my, mkazo wa pili kutoka mwisho, na kwa mazungumzo ya kila siku inakubalika. Mtangazaji au mwalimu ndiye anayetegemewa kuweka ule wa makini. Usishangae ukisikia zote mbili kwenye shifti moja.

MwalimuTanga

Hii ya "kuwa" kugeuka mkia wa wakati uliopita imenigusa kwa sababu nasi tunayo. Tazameni -li-. Tunasema *hapa tulipo*, *yeye aliye mgonjwa*, hiyo -li ni kuwa, haina uhusiano na jana. Halafu *tulihamisha*, ni -li- ile ile imefanywa kipande cha wakati uliopita. Lugha mbili hazina undugu wowote, moja ya kibantu na moja ya kislavoni, na zote zikitaka kusema jambo limepita zimekwenda kuazima kwa "kuwa".

Tofauti ni kwenye mkazo. Sisi kila tunachobandika mwishoni kinauvuta mkazo. NYU-mba, nyu-MBA-ni. PI-ka, pi-KE-ni. -Ni yetu imeshakubaliwa kuwa mtoto wa nyumba. Śmy yao inaishi humo ndani ila mkazo bado unaihesabu mgeni. Ahsanteni sana vijana.

UsaRiver77

Nimepita tu nikaona Kipolandi nikasimama. Mimi nimekulia Usa River jirani na Tengeru, na Tengeru ilikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia 1942, wengi wao kina mama na watoto, waliotolewa kwao wakapelekwa Urusi ya Kisovieti wakaja kutokea Iran mpaka huku kwetu. Makaburi yao yapo mpaka leo, yanatunzwa vizuri. Tukiwa wadogo tulikuwa tunasoma mawe yale bila kuelewa, kuna neno *spoczywa* tulikuwa tunasema "sipo-chi-wa". Leo ndiyo nimejua kumbe ile sipo haipo. Linakatwaje na maana yake ni nini, nisaidieni, nimeishi nalo miaka mingi.

MamaZosia

Jamani. Spo-czy-wa, makofi matatu, cz ni ch ngumu. Maana yake amelala, amepumzika hapa, ndiyo neno la makaburini. Ndugu yake wa kila siku ni odpoczywać, kupumzika, od-po-czy-wać, hilo utalisikia popote, mtu akitoka kazini anasema idę odpocząć, naenda kupumzika. Ukipita Tengeru tena wasomee kwa sauti kwa niaba yetu tulioko huku.

Paleti_Wrocław

Wakuu sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili kwenye basi na mara ya tatu sasa hivi wakati wa mapumziko. Ile ya vya imenifungua kabisa, nimemwendea mwenzangu nikamtamkia poprzestaWIAlibyśmy, akasimama kidogo halafu akaniambia nirudie, nikarudia, akasema teraz dobrze, sasa sawa. Mwalimu shikamoo, nimefanya mistari miwili kama ulivyosema, nimejitungia mazoezi, naomba msahihishe:

1. powynosiłybyście. Silabi: po-wy-no-si-ły-by-ście, 7 (ście nimekumbuka i siyo silabi). Mofimu: po – wy – nos – i – ł – y – by – ście. Nyinyi wanawake mngevitoa nje vyote. Mkazo SI.

2. pozamiatalibyśmy. Silabi: po-za-mia-ta-li-byś-my, 7. Mia nimesoma mya. Mofimu: po – za – miat – a – l – i – by – śmy. Tungefagia kote. Mkazo TA.

3. podzwonilibyśmy. Silabi: pod-zwo-ni-li-byś-my, 6. Mofimu: pod – zwon – i – l – i – by – śmy. Tungepigapiga simu. Mkazo NI.

MamaZosia

Ya kwanza na ya pili nakupa zote, hata mkazo, hongera sana kaka. Ya tatu mkazo uko sawa na idadi iko sawa ila umeingia kwenye mtego. Kitenzi kidogo kilichofichwa ni dzwonić, kupiga simu au kengele, kinaanza na dz, na dz ni sauti moja haivunjwi. Kwa hiyo ni po + dzwonić, po-dzwo-ni-li-byś-my. Ukikata pod unabaki na zwonić, na zwonić haipo.

Kinyume chake ni odzyskać, kupata tena kitu kilichopotea. Hiyo ni od + zyskać, na zyskać ipo, kupata faida, kwa hiyo hapo d ni ya od na z ni ya mzizi, kwa matamshi ya makini unazitenganisha, od-zy-skać. Machoni ni dz ile ile. Kabla hujakata jiulize kile kinachobaki ni neno linaloishi au la.

Na wewe uko ghala, lazima kuna mahali pameandikwa odzież. Ilisome kwanza mwenyewe uniambie.

Paleti_Wrocław

Dada nimeinuka nikaenda mpaka kwenye loka. Imeandikwa ODZIEŻ ROBOCZA, nguo za kazi, mlangoni, napita hapo kila siku tangu nimefika na nasema od-zież. Ni o-dzież. Makofi mawili. Nimeyapiga hapo hapo na jamaa wa foklifti naye akapiga.